Tahariri: Mwamba wa Matumbawe na Haki ya Jirani

Yapo maneno tunayoyatumia kila siku ambayo huficha ukweli badala ya kuufunua. Mojawapo ni neno "mawe". Watu wa pwani tukiulizwa ni kitu gani kile kinachoonekana maji yakipwa, kule mbele ambako mawimbi huvunjika na kufanya mstari mweupe, wengi wetu hujibu kwamba ni mawe. Na kwa kuwa ni mawe, hapana aonaye vibaya yakivunjwa, maana jiwe halifi, halilii, wala halina mwenyewe. Katika toleo hili tunapenda kueleza kwamba yale si mawe tu, kwamba yana uhai, kwamba yanao wenyewe, na kwamba anayeyavunja anamdhulumu mtu tunayemfahamu na kusalimiana naye kila siku.

Tumbawe ni kazi ya kiumbe mdogo sana, mara nyingi asiyezidi ukubwa wa punje ya mtama, ambaye wataalamu humwita polipu. Ni jamaa ya konyeza, yule anayewawasha waogaji, lakini tofauti na konyeza yeye hatangitangi baharini. Hujibandika mahali pamoja, akajijengea chini yake kikombe cha chokaa anayoipata katika maji ya bahari, na usiku huitoa nje minyiri yake midogo ili kunasa vijidudu vinavyopita. Maelfu kwa maelfu yao hukaa bega kwa bega. Hawa wakifa, wengine hujenga juu ya kaburi lao. Hivyo mwamba mzima ni kama mji wa kale ambao ghorofa ya juu tu ndiyo yenye watu, na ghorofa zote za chini ni kazi ya marehemu.

Siri ya kazi hiyo ni ubia. Ndani ya mwili wa polipu huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenyeji wake. Mwenyeji naye huupa mwani makao pamoja na taka za mwili wake, ambazo kwa mwani ni mbolea. Hata rangi ya matumbawe, ile kahawia na kijani tunayoiona maji yakiwa maangavu, kwa sehemu kubwa ni rangi ya mpangaji huyo. Kwa sababu ya ubia huu, matumbawe yajengayo miamba hayana budi kukaa katika maji ya vuguvugu, mafupi, yenye chumvi na yanayopenya jua. Ndiyo maana miamba yetu imekatika katika midomo ya mito mikubwa kama Rufiji na Ruvuma, ambako maji matamu na tope haviyapi nafasi.

Jengo hili hupanda polepole mno. Tumbawe la aina ya mviringo, lile gumu kama kichwa, huongezeka kiasi cha sentimita 1 hivi kwa mwaka. Yale ya matawi huenda mbio zaidi, hata kufikia sentimita 10, lakini nayo ni mepesi kuvunjika. Yafaa msomaji afanye hesabu mwenyewe: tumbawe la mviringo lenye kimo cha mtu mzima lilianza kujengwa kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Ni mali gani nyingine tuliyo nayo kijijini yenye umri huo, ambayo bado inafanya kazi kila siku bila kudai mshahara?

Miamba ya matumbawe imefunika chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari zote za dunia, na hata hivyo takriban robo ya aina zote za viumbe wa baharini wanaojulikana hupata makao humo katika sehemu fulani ya maisha yao. Mvuvi hahitaji kuambiwa hili kwa tarakimu. Anajua changu hupatikana wapi, chewa hukaa shimo gani, na kambakochi hujificha chini ya jabali lipi. Asichokijua mara nyingi yeye, na sisi tunaokula samaki tusijue kabisa, ni kwamba kila mmoja wa hao ana kazi yake katika kuutunza mji ule.

Tumchukue pono. Kiswahili kimemfanya mfano wa usingizi mzito, na watu wa zamani hawakukosea, kwa maana usiku pono hulala fofofo katika pango lake, na baadhi ya aina zake hujifunika utando wa ute kama mtu aliyejitandia chandarua. Lakini mchana hana mapumziko. Kwa mdomo wake mgumu hukwangua magugu ya baharini yanayotaka kuyasonga matumbawe, akayameza pamoja na chokaa, na chokaa hiyo huitoa ikiwa mchanga. Pono mmoja mkubwa aweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Ule mchanga mweupe ambao wageni husafiri nusu ya dunia kuja kuulalia, sehemu yake si ndogo imepitia tumboni mwa pono.

Kikande naye hula wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi ambao humchoma mtu mguuni. Utafiti uliofanywa kwa miaka mingi katika pwani ya Kenya umeonyesha kwamba mahali ambako vikande wamevuliwa mno, wenye miiba huzidi, wakautafuna mwamba kuliko uwezo wake wa kujijenga. Na chewa wa aina nyingi huanza maisha akiwa jike, kisha akishakuwa mkubwa hugeuka dume. Basi mahali wanapovuliwa wakubwa peke yao, hubaki majike pasipo wa kuwaoa. Haya si mambo ya kustaajabisha tu. Ni sababu za kwamba mwamba uliopungukiwa samaki fulani waweza kuanguka wenyewe hata kama hakuna aliyeugusa kwa nyundo.

Aidha, mwamba ni ukuta. Wataalamu waliokusanya vipimo kutoka sehemu mbalimbali za dunia walikuta kwamba, kwa wastani, mwamba wa matumbawe huvunja asilimia 97 ya nguvu za mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Serikali tajiri hutumia fedha nyingi kujenga kuta za zege ili kupata faida hiyo. Sisi tulipewa ukuta unaojikarabati. Nyuma yake maji hutulia, nyasi za bahari na mikoko hupata kuota, na humo watoto wa samaki wa mwambani hukulia kabla ya kurudi kwao. Mahali ukuta ulipobomoka, minazi ya mbele huanza kuinama, kisha kisima hutiwa chumvi, kisha nyumba ya kwanza huhamishwa. Mwenye hoteli huweza kuleta malori ya mawe kukinga kiwanja chake. Mwenye kibanda hana lori.

Hatusahau kwamba wazee wetu nao walitumia matumbawe. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, wenye kuba zilizojengwa kwa matumbawe, umesimama kwa karne nyingi. Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja, lililojengwa katika miaka ya 1870 mahali palipokuwa soko la watumwa, ni kazi ya mawe ya matumbawe. Sehemu kubwa ya mawe ya ujenzi wa pwani ilichimbwa nchi kavu, katika miamba iliyokufa zamani bahari ilipokuwa juu zaidi, na hapo mwamba ulio hai haukuguswa. Jambo tofauti ni lile lililokuwa likifanyika katika Ghuba ya Mikindani na kwingineko, la kung'oa matumbawe hai na kuyachoma tanurini kupata chokaa. Nyumba ikapata rangi nyeupe, na bahari ikabaki tupu.

Sasa tuseme ni nani mwenye mwamba. Maji ya bamvua yanapokupwa, akina mama hutoka na fimbo zilizochongoka, na ndoo au kikapu, wakaenda kwa miguu mpaka ukingoni kutafuta pweza na chaza. Hawana mtumbwi, wala injini, wala wavu, na mara nyingi hawana shamba la maana. Mwamba ndio shamba lao, ndio akiba yao, na ndio dawa ya mtoto akiugua katikati ya mwezi. Pamoja nao yuko mzee mwenye dema mbili na ngalawa moja, na kijana mwenye mshipi. Hawa ndio wenyewe. Si kwa hati, kwa kuwa bahari haina hati, bali kwa haki ya yule ambaye asipopata hapa hana mahali pengine pa kupata.

Ni dhidi ya watu hawa kwamba uvuvi wa baruti hutendwa. Tunaliweka jambo hili hivi kwa makusudi, kwa sababu limezoeleka kuelezwa kama kosa dhidi ya samaki, au dhidi ya mazingira, na kwa namna hiyo likaonekana kuwa jambo la wataalamu. Mlipuko mmoja huua kila kilicho karibu, mkubwa na mchanga, anayelika na asiyelika. Kibofu cha hewa cha samaki hupasuka, kwa hiyo wengi huzama badala ya kuelea, na mvuvi huokota sehemu tu ya aliowaua. Waliobaki huoza chini. Matumbawe nayo husagika kuwa vifusi, na vifusi hivyo, kwa kuwa hupinduliwa na kila wimbi, haviruhusu tumbawe changa kujibandika. Mahali pamoja pakipigwa mara kwa mara hubaki pakavu kwa miaka mingi, hata kama kuanzia leo hapana mtu atakayepagusa tena. Kazi ya karne huondoka kwa muda wa kupiga chafya, ili mtu mmoja ajaze sanduku moja.

Desturi hii mbaya ilijulikana katika pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1960, na sheria ikaikataza tangu 1970. Sheria ya Uvuvi ya 2003 iliikataza tena. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vyombo vya ulinzi viliingia kazini, baruti ikapungua sana, vilipoondoka, ikarudi. Mwezi Machi na Aprili 2015 watafiti walipita pwani wakivuta chombo cha kusikilizia chini ya maji, na katika muda wa takriban mwezi mmoja walithibitisha milipuko 318. Karibu asilimia 62 ya milipuko hiyo ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Tunawaomba wasomaji wasiipite haraka tarakimu hii ya pili. Mwamba uliopigwa zaidi haukuwa ule wa mbali usio na askari. Ulikuwa ule ulio karibu na soko kubwa, na karibu na ofisi zote zenye wajibu wa kuulinda. Baada ya hapo idara mbalimbali za serikali ziliunganishwa katika kikosi kimoja, na milipuko ikapungua kwa kiasi kikubwa. Tunawapongeza waliofanya kazi hiyo. Hata hivyo baruti ilikwisha kupungua mara moja kabla, nasi tumeeleza nini kilitokea.

Mtupaji wa baruti mara nyingi ni kijana maskini, na wapo waliokatika mikono kwa kazi hiyo. Yeye ndiye anayekamatwa, ndiye anayefungwa. Lakini baruti haioti ufukweni. Hutoka machimboni na kwenye kazi za ujenzi, ambako ililetwa kwa kibali na kuhesabiwa, au hutengenezwa kienyeji kwa vitu vilivyonunuliwa dukani. Kati ya ghala na mtumbwi yumo mtu aliyeuza, mtu aliyekopesha mtaji, na mtu aliyepokea kitu ili asione. Kisha upo upande wa pili: mchuuzi anayenunua samaki huyo dikoni, na sisi tunaomnunua sokoni kwa sababu ni rahisi. Haki inayomkamata wa katikati tu na kuwaacha wa kwanza na wa mwisho ni haki nusu, na nusu hiyo humwangukia aliye dhaifu kuliko wote.

Wengine watauliza ni kwa nini kamisheni ya haki na amani ijishughulishe na samaki. Jibu fupi ni kwamba hatukulianza sisi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliitaja miamba ya matumbawe kwa jina, akazitaja pia njia haribifu za uvuvi, baruti ikiwa mojawapo, na kupanda kwa joto la bahari. Jibu refu ni lile la akina mama wa bamvua.

Wasomaji wetu wa bara wasidhani kwamba jambo hili haliwahusu. Tulisema kwamba tumbawe huhitaji maji yanayopenya jua. Tope linaloteremshwa na mto ni kama pazia lililofungwa juu ya shamba, na likizidi huyafukia matumbawe yakiwa hai. Kule Malindi, ambako Mto Sabaki hutoa baharini udongo wa nyanda za juu za Kenya, wanasayansi walitoboa tumbawe lenye umri wa takriban miaka 300 na kuusoma mwili wake, tabaka kwa tabaka, kama mtu asomaye daftari. Chokaa ya tumbawe hutunza alama za udongo uliofika baharini mwaka ilipojengwa. Waliona kwamba mmomonyoko uliongezeka sana mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa kikoloni, ardhi ilipochukuliwa na watu kubanwa na kufyeka miteremko. Kwa hiyo dhuluma iliyofanyika mamia ya kilomita kutoka pwani iliandikwa chini ya bahari na shahidi ambaye hakuna aliyemwita mahakamani. Anayelima leo kwenye mteremko bila matuta anaendelea kuandika katika daftari hilo hilo.

Lipo pia jambo zito ambalo wavuvi wetu hawana sehemu yoyote ya kulisababisha. Joto la maji likipanda kwa nyuzi 1 hivi kupita kiwango cha juu cha kawaida cha msimu wa joto, na kukaa hivyo kwa majuma kadhaa, ule ubia tuliousimulia huvunjika. Polipu humfukuza mpangaji wake, rangi hutoweka, na tumbawe hupauka likawa jeupe kama mfupa. Halijafa bado; maji yakipoa mapema hupona. Yakichelewa, hufa kwa njaa. Mwaka 1998 hali hii iliikumba Bahari Hindi ya magharibi na kuua matumbawe mengi, Mafia ikiwa miongoni mwa mahali palipoumia. Ilirudi 2016. Mwezi Aprili 2024 wanasayansi walitangaza tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani kote, na kati ya Januari 2023 na Machi 2025 asilimia 84 ya maeneo ya miamba ya dunia yalifikiwa na joto la kiwango hicho. Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa inayotokana na mafuta, gesi, makaa ya mawe na viwanda. Mwenye ngalawa huendeshwa na kusi na kaskazi. Bado bili inaletwa kwake.

Kuna wanaosema kwamba, kama joto la dunia litaua miamba, basi kuilinda dhidi ya baruti na juya ni kupoteza wakati. Hatukubaliani nao. Mwamba wenye pono wengi na maji safi una nafasi bora ya kupona baada ya joto kuliko ule uliokwisha kusagwa. Kisiwa cha Chumbe, kusini ya Mji Mkongwe wa Unguja, kilitangazwa hifadhi mwaka 1994. Walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi waliofundishwa kazi hiyo, na mwamba wake wenye aina zaidi ya 400 za samaki umeendelea kuwa shule ya wanafunzi wa Zanzibar. Kule Kuruwitu, Kilifi, wavuvi wenyewe katikati ya miaka ya 2000 walikubaliana kufunga eneo la hekta 30 hivi, na samaki wakarudi humo.

Lakini hapa nasi tunataka kusema neno ambalo huenda lisiwapendeze baadhi ya marafiki zetu wa hifadhi. Kufunga mwamba ni kumnyang'anya mtu shamba, walau kwa muda. Tanzania ilitunga Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu mwaka 1994, na Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ikawa ya kwanza mwaka 1995. Ndani ya mipaka yake vimo vijiji vyenye watu waliokuwapo kabla ya mipaka. Mahali popote ambapo mpaka huchorwa ofisini, na mwenye dema akaujulia siku ya kukamatwa, haki haijatendeka, hata kama samaki wameongezeka. Na mahali ambapo mwenyeji amekatazwa kuvua ili mgeni apige mbizi, huku ada ya mgeni haifiki kijijini, tusishangae mwenyeji akifumba macho baruti inapolia.

Kwa sababu hiyo tunaona matumaini zaidi katika jaribio moja dogo, la pweza. Pweza huishi mwaka mmoja hivi tu, na katika ujana wake uzito huongezeka upesi mno. Jike hutaga mara moja maishani, hulinda mayai yake pangoni bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Kiumbe wa namna hiyo, akiachwa miezi mitatu, hulipa deni lake mapema. Wavuvi wa Andavadoaka nchini Madagaska walianza mwaka 2004 kufunga sehemu ya mwamba wao kwa muda mfupi na kuifungua tena, wakavuna pweza wakubwa zaidi. Desturi hiyo imefika kwetu, Kisiwa Panza huko Pemba, na baadhi ya vijiji vya Mafia na Kilwa. Uzuri wake ni kwamba hufungwa sehemu tu, kwa muda unaojulikana, na kwa uamuzi wa kikao cha kijiji ambamo mama wa fimbo ana sauti sawa na mwenye mashua. Tunasema "ana sauti", ingawa tunajua kwamba katika vikao vingi akina mama huketi nyuma, na pweza hujadiliwa na wanaume ambao hawajawahi kumchokoa.

Viongozi wa walei walio katika parokia za pwani wanayo nafasi ya kulirekebisha hilo, kwa kuwa wengi wao ni wajumbe wa serikali za vijiji na wa vikundi vya usimamizi wa fukwe, wakikaa humo pamoja na majirani Waislamu ambao ndio wengi katika kazi ya bahari. Kuhusu baruti, wawafundishe wanunuzi kutambua: samaki aliyepigwa huwa na nyama iliyolegea, macho yenye damu, uti wa mgongo uliovunjika, na matumbo yaliyopasuka akifunguliwa. Mama lishe akimkataa samaki huyo leo na kesho, mchuuzi atapeleka habari dikoni haraka kuliko doria. Wanaojua ghala ambako baruti hupotea wasiwaachie wavuvi mzigo wa kusema.

Kuhusu kufunga mwamba wa pweza, tunawaomba wasikimbilie kupiga kura. Miezi mitatu ni mifupi kwa mwenye duka, na ni mirefu mno kwa mjane ambaye chakula cha jioni hukitoa mwambani asubuhi. Kabla ya siku ya kufunga kutajwa, kikao kiulize ni kaya zipi hazina njia nyingine, na miezi hiyo zitakula nini: je, upande wa mwamba ulioachwa wazi unafikika kwa miguu, au wahitaji mtumbwi? Je, mfuko wa kijiji, au jumuiya ndogo ndogo, au wanunuzi wa pweza ambao watafaidi siku ya kufungua, wako tayari kukopesha unga bila riba? Nani atalinda usiku, na atalipwa na nani? Siku ya kufungua, wenye mashua wa vijiji vya jirani watazuiwaje wasimalize kila kitu kabla akina mama hawajafika kwa miguu? Hesabu hiyo ifanywe kwa majina, kaya kwa kaya, na isomwe mbele ya wote kabla bango la kufunga mwamba halijasimikwa ufukweni.